Tochi Iliyoficha Wekundu

Kwanza ilinata. Hilo nililijua kabla hata sijaiwasha. Mpira uliozunguka mpini wake ulikuwa umeanza kuyeyuka ndani ya boksi, mpya kabisa, na nilipoishika ukanigandia vidoleni kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Nikajifuta kwenye suruali, na suruali nayo ikanata. Ubavuni iliandikwa kwamba inamulika kilomita tano. Kilomita tano! Nani alisimama huko mwisho akapima?

"Hii ndio tochi, karani," akasema Mwenyekiti Aron.

Naitwa Jairus. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani chai upande wa Kimulot, ambako ukungu wa msitu wa Mau hushuka mapema kuliko giza. Kazi yangu ni hii: mkulima anamwaga majani yake mezani, mimi natazama. Majani mawili na chipukizi, hayo napima. Majani mazee narudisha. Na yale yaliyoshindiliwa ndani ya gunia kutwa nzima mpaka yakachemka yenyewe, vikonyo vikawa vyekundu, hayo ndiyo adui yangu. Yakinipita yanapakiwa lori moja na mazuri ya wengine, na wakiyaona kiwandani wanarudisha lori zima. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Mwezi huo tulikuwa tumerudishiwa lori mara mbili. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lori lilikuwa likitufikia saa moja jioni badala ya saa kumi, na tochi yangu ya mawe, yaani ya betri za kununua dukani, ilikuwa imechoka kiasi kwamba ungewasha kiberiti uione. Kiwanda kikatuambia waziwazi: likirudi mara ya tatu, kituo kitafungwa mpaka mwaka ujao, na karani aende kwao.

Wakisema kwao wanamaanisha ziwani, walikotoka wazazi wangu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za wachuma chai, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa, na huko ziwani sina hata kuku. Nikifukuzwa kituoni sina pa kwenda, na wakulima mia mbili hawana pa kupeleka majani.

Basi ikaundwa kamati ya kuchagua tochi ya kuchaji. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Waliosema hivyo hawajawahi kukaa kwenye kamati na Aron. Tulikuwa watatu: yeye mwenyekiti, Fancy katibu, ambaye ana saluni yenye stima na ndiye angekuwa akiichaji, na mimi. Kiwanda kilituletea tochi tatu za kujaribu pamoja na fomu ya kujaza. Tukakutana kituoni jioni moja, mbele ya stoo ya mbolea, panya wakikojoa ndani kama kawaida yao na harufu ikitutokea mlangoni.

Tochi ya kwanza ilimfurahisha Aron kwa uzito.

"Sikia hii, Fancy. Hii ni chuma."

Nilifungua kifuniko cha nyuma nikatoa betri. Ukingo wake ulikuwa umepasuka kidogo. Nikaukwaruza kwa kucha, na mchanga ukamwagika kiganjani mwangu. Mchanga, ndugu msomaji, mweupe na mkavu, na katikati yake kijibetri cha kidole kidogo. Kuna mtu mzima mahali fulani, labda ana mke na watoto, anayeamka asubuhi na kunywa chai yake, kisha anakwenda kazini kujaza mchanga kwenye betri.

"Hiyo weka kando," Fancy akasema akicheka. "Hiyo ni ya kujenga nyumba."

Ya pili ilikuwa fupi na nyepesi, mwanga wake wa manjano, sura yake ya kimaskini. Ya tatu ndiyo hiyo ya kunata.

Sasa, hapa kwetu tochi hupimwa kwa ng'ombe. Usicheke. Mtu akinunua tochi mpya husimama ukingoni mwa shamba lake jioni na kumulika mlima wa ng'ambo mpaka aone macho ya ng'ombe wa mwenziwe yakiwaka. Akiyaona, tochi ni nzuri. Asipoyaona, anairudisha dukani siku hiyo hiyo. Wameishi na ng'ombe na wezi wa ng'ombe tangu mababu, na siwalaumu. Lakini mimi sitafuti ng'ombe. Mimi natazama jani lililo nusu mita kutoka puani pangu.

Aron alimulika ng'ambo kwa ile ya manjano. Hakuona kitu, akakunja mdomo. Akachukua ile ya kunata, na mwale mweupe wenye rangi ya buluu ukavuka bonde kama kamba.

"Naona! Naona macho! Hiyo ni ng'ombe ya shemeji yangu!"

"Hii ni noma," akasema Fancy, na akaanza kuandika alama kwenye fomu. Umbali, kumi. Sura, tisa.

"Ngojeni," nikasema. "Tujaribu na majani."

Mchana nilikuwa nimeweka konzi mbili kando. Moja nilichota kwa Kogo Chelangat, kogo ndivyo wanavyomwita bibi huku, mwenye miaka sabini na kitu ambaye huchuma mwenyewe, asubuhi tu, na kubeba majani yake kwenye kikapu kilicholegea ili yapumue. Hajawahi kurudishiwa hata jani moja. Konzi ya pili niliichota kwenye magunia ya Aron. Yeye ana wachumaji wengi na magunia machache, kwa hiyo hushindilia kwa magoti, na magunia hushinda juani yakimngoja amalize mikutano yake. Nikayamwaga yote mezani, huku na huku.

Kwa tochi ya manjano, majani ya Aron yalionekana yalivyo. Vikonyo vilikuwa vyekundu kama macho ya mlevi, na kingo zilikuwa za rangi ya kutu. Aron akatazama pembeni.

Kisha nikawasha ile ya kunata. Wallahi, wekundu ulipotea. Konzi zote mbili zilikuwa kijani kibichi kimoja, kama sukuma wiki iliyonyunyiziwa maji sokoni. Nikaizima, nikaiwasha tena. Hapakuwa na tofauti kati ya jani la yule bibi na uozo wa mwenyekiti.

Nikainua kichwa nikidhani hoja yangu imeshinda. Lakini Aron alikuwa ameinama juu ya meza, akitazama majani yake kwa upole ambao sijawahi kumwona akimtazamia mtu. Alikuwa ameelewa. Nilimwona kwa macho yangu akielewa.

"Hii inaonyesha majani vizuri sana," akasema polepole. "Tuchukue hii."

"Mzee, hii inaficha. Kiwandani watatumia taa zao."

"Karani, wewe ni macho yako ndio mbaya. Tochi haina shida." Akamgeukia Fancy. "Ama wewe unaonaje?"

Fancy alitazama majani, akatazama fomu. Yeye naye hurudishiwa gunia moja moja. "Si watu watafurahi," akasema. "Kila siku ni kelele, huyu amerudishiwa, yule amerudishiwa. Hii italeta amani."

Amani! Fomu ilikuwa na mstari wa mwisho ulioandikwa Maoni ya Karani. Aron akauwekea kidole, kucha ikiwa bado na mafuta ya mandazi, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe weka sahihi tu. Usianze mambo. Wewe ni mgeni yetu hapa."

Niliweka sahihi. Mstari wa maoni nikauacha mtupu. Nimewasimanga wengine tangu nianze kusimulia, kwa hiyo acha nami nijisimange: kati ya vitu vyote vilivyonitia kinyaa jioni ile, mchanga, mkojo wa panya, mpira unaonata, hakuna kilichozidi mkono wangu ukiandika jina langu.

Siku mbili baadaye nikaanza kazi na tochi hiyo. Lori lilichelewa kama ada. Wakulima walijipanga ukungu ukiwazunguka, na kila aliyemwaga majani yake mbele ya ule mwanga aliyaona yakimeta. Watu walikuwa wakicheka. Mmoja akaniambia leo nimeamka vizuri. Nami nilikuwa nikipapasa mezani kama kipofu, nikipima kwa kubahatisha, jasho likinitoka kwenye baridi ile.

Aron alikuja na magunia manne. Nyuma yake alikuwa Kogo Chelangat na kikapu chake kimoja. Gunia la kwanza likamwagwa. Kijani, kijani tupu. Tayari tulikuwa tunausikia mlio wa lori likipanda mlima.

"Pima, karani," Aron akasema. "Lori hiyo imefika."

Kogo Chelangat akakunja pua. "Jairus, kijana yangu, nini inanuka hapa?"

Nilikuwa nimesongwa na ile nuru mpaka nikasahau kwamba Mungu alinipa pua. Nikainama. Ilikuwa ile harufu ya ndizi iliyoivia kwenye mfuko wa plastiki, tamu na chafu, na chini yake harufu ya kwapa. Lori la tatu likanijia akilini, kisha kufuli kwenye mlango wa kituo, kisha bibi huyu na kikapu chake wakigeuka kurudi nyumbani.

Nikazima tochi.

Watu wakapiga kelele. "Washa! Washa, lori imefika!"

Sikuwasha. Nikafungua gunia la pili la Aron na kuingiza mkono mpaka kiwiko. Kulikuwa na moto humo. Majani yalikuwa yamelowa jasho lao wenyewe, yameshikana, yakiteleza kati ya vidole vyangu kama utumbo wa mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Nikautoa mkono nikasema, "Mzee, ingiza wako."

"Mimi siingizi kitu. Washa tochi."

"Basi Kogo aingize."

Yule bibi hakungoja. Akaweka kikapu chini, akajifunga leso, akaingiza mkono. Aliutoa mara moja akiukung'uta. "Uui! Hii ni moto kama ugali!" Akasogea kando ili aliye nyuma yake naye apite. Naye akaingiza, akatema mate. Kisha mwingine, na mwingine, gizani, mmoja mmoja, hata Fancy. Fancy aliutoa wake haraka. Aliufuta kwenye nyasi, akaufuta tena.

"Washa tochi!" Aron alikuwa sasa anapiga mayowe. "Washa watu waone kama hii majani iko na kasoro! Huyu mtu si wa hapa, anataka kuniharibia jina. Washa waone!"

"Tumeona," akasema Kogo Chelangat.

Lori liliposimama, dereva alitumulika kwa taa zake za mbele, za manjano, na magunia yote manne yakawa yameachama pale mbele ya watu, mekundu. Aron aliyaburuta mwenyewe hadi nyuma ya stoo. Yale mengine yaliyokuwa yamekwisha pimwa tuliyamwaga upya mbele ya taa hizo, dereva akilalamika, tukayachambua kwa mikono, Fancy akiwa wa kwanza kuinama. Lori liliondoka pungufu. Halikurudishwa.

Nilinawa mara nne kwa sabuni ya kufulia kabla ya kula, na bado kila tonge nililoinua lilinuka gunia la Aron. Mke wangu akaniuliza nimeshika nini. Nikamwambia nimemshika mwenyekiti.

Asubuhi nilikwenda saluni kwa Fancy, ambako fomu ilikuwa bado ikingoja kupelekwa kiwandani. Alinipa bila kuuliza, pamoja na kalamu. Nikautafuta mstari wangu mtupu, chini ya alama zote zile za umbali na sura, nikaandika: Inafaa kutafutia ng'ombe. Kwa majani, izimwe.

Fancy akasoma, akafuta zile alama zake, akachukua tochi ya manjano akaichomeka kwenye chaji.