Darasa la "Give"

Jamani, ngojeni kwanza, msicheke kabla sijafika pahali pa kucheka! Mwaka huo wa tisini na sita nilitoka kwetu Nawoitorong, pale Lodwar, nikaenda Kakuma kufundisha akina mama Kiingereza. Darasa lilikuwa la mabati na turubai. Ndani yake walikaa wakimbizi wa Sudan na Waturkana wenzangu wenyeji, bega kwa bega, wakipigia kila neno kelele mpaka mbuzi wa jirani wanahama. Haki ya Mungu, nililipenda darasa hilo vibaya. Na Ijumaa moja mkaguzi alikuwa anakuja kulifunga au kuliacha, kwa sababu ofisi ya elimu huko Lodwar ilisikia wanafunzi wangu wanajua kitenzi kimoja tu.

Uongo? Si uongo. Kitenzi chenyewe kilikuwa "give."

Lakini nilikichagua makusudi. Mtu akijua kusema "nipe" kwa Kiingereza, atapata dawa zahanati na hatapunjwa kwenye mgao. Tulikifanyia mazoezi kwa vitu. "Give me the cup!" Kikombe kinaruka. "Give me the baby!" Mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, anacheka, mpaka anarudi kwa mama yake. Zile "give way" na "give birth" niliziweka muhula wa pili, kama tungefika.

Basi mkaguzi akaja. Aliitwa Lomenen, jina la Kiturkana kabisa, ila amelelewa Kitale, yaani kule "Kenya", kama tunavyopaita huku pote palipo kusini kwetu. Viatu vinang'aa, kofia mpya.

"Ejok!" akina mama wakamwimbia salamu ya Kiturkana.

"Good morning," akajibu.

Nikamwambia azungumze nao mwenyewe, mimi sitii mdomo. Akamwendea mama Namuar, mwenyeji, mkubwa wetu kwa umri, shanga zimempanda hadi kidevuni. Namuar akamkagua toka juu hadi chini, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, "Give me your hat."

Lomenen akadhani ni mchezo, akampa. Makofi! Sasa nani atawazuia? "Give me your pen!" "Give me your glasses!" "Give me your shoes!" Nyawech wa Sudan, mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima, naye akadai mkanda. Ala! Kufumba na kufumbua, mkaguzi wa serikali amesimama na soksi, anashikilia suruali isianguke. Nilicheka hadi machozi.

"Basi!" akafoka, akanigeukia. "Umewafundisha kuombaomba? Leo ndiyo mwisho. Nafunga."

Hasira ikanipanda, na mimi hasira ikinipanda sijui cheo cha mtu.

"Kuombaomba? Kwetu mgeni tusiyemtaka tunamwomba nini, bwana? Hata tumbaku hatumwombi! Hawa wamekupenda mpaka wakaomba mkanda, na wewe umesimama tu, huwaombi chochote. Wanakungoja nawe uombe! Kwani nyanya yako hakukufundisha?"

Upepo ukapiga turubai. Nikajua nimejimaliza.

Lomenen akakuna kichwa kisicho na kofia. Mdomo ukaanza kumcheza. "Nyanya yangu," akasema, sasa kwa Kiturkana, "alikuwa anamwomba tumbaku hata padri." Akamgeukia Namuar, mkono mmoja bado kwenye suruali. "Give me your beads."

Woi! Shanga za Namuar! Zile haziguswi. Namuar akamtazama, akaingiza kidole kwenye ule mrundo, akavuta uzi mmoja mwekundu uliokaa karibu kabisa na ngozi. Akamvisha shingoni. Vigelegele vikatoka hadi barabarani.

"Asante, mama," Lomenen akasema. Lakini akanigeukia akiwa mnyonge kidogo. "Mwalimu, ofisini wataniuliza: zaidi ya vitu vya kushika mkononi, hawa wanaweza kusema nini? Nitajibu nini?"

Hatukuwa tumefika huko. Nilitazama sakafu ya mchanga, nikaona darasa langu linakwenda hivi hivi.

Namuar akarekebisha kofia kichwani. Akafikiri. Akanyoosha mkono, kiganja wazi, kama tulivyozoea.

"Give us Monday," akasema.

Sikumfundisha hilo! Siku haishikwi, haipitishwi mkono kwa mkono, na Namuar anaiomba! Nyawech akaruka juu, "Give us Monday!" na darasa zima likamfuata, mikono yote imenyooshwa, mabati yakatetemeka.

Lomenen alicheka mpaka suruali ikamponyoka kidogo, akaidaka. "Chukueni," akasema. "Chukueni na Jumanne."

Akarudi Lodwar bila mkanda, uzi mwekundu shingoni. Jumatatu nilifungua mlango mapema, na wa kwanza kuingia alikuwa Namuar, kofia kichwani, ananidai muhula wa pili.