Kadi Mbili za Mtu Mmoja

Wanawake wawili walizaliwa siku moja, wakaishi nyumba moja Mtoni, na wote wawili walidhuriwa na penisilini. Jabiri alijipigapiga paja mbele ya kompyuta, akacheka. Programu aliyoitengeneza kwa wiki sita ilikuwa imewanasa.

"Sista Tunu, zahanati yako ina majini. Huyu Zubeida na huyu Farida ni mtu mmoja. Nikibonyeza hapa, nawaunganisha."

Sista Tunu, muuguzi aliyekuwapo tangu zahanati binafsi ziliporuhusiwa, aliacha kupanga sindano zake.

"Usibonyeze. Ukibonyeza tu, umeshamvunjia mtu ndoa wewe."

Akamweleza kwa sauti ya chini. Zubeida alikuwa na watoto watano, na uzazi wa mwisho nusura umwondoe duniani. Mumewe aliapa kwamba siku atakayosikia habari za uzazi wa mpango, atamrudisha kwao. Basi mtoto akiumwa alikuja kama Zubeida. Sindano yake ya kuzuia mimba aliifuata Jumatano tu, akijiita Farida, kwa kuwa Jumatano karani wa dirishani, Bi Hija, hakuwapo. Kila Alhamisi Bi Hija alirudi, akazipanga kadi zote, akizisoma moja moja.

"Na Bi Hija ni nani kwake?"

"Shangazi wa mumewe."

Jabiri aliondoa kidole kwenye kompyuta. Bi Hija hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake tu ndio uliokosa kitasa. Na kompyuta ile ingekaa dirishani, mbele yake, ikimwonyesha yote kwa kuandikiwa jina.

Alijiona mjinga. Miaka minane nyuma, alipokuwa fundi redio Manzese, karani mmoja wa zahanati alimtangazia ugonjwa wake mbele ya foleni. Mtaa mzima ukamwita Bwana Kisonono hadi alipohama. Hadithi hiyo alikuwa akiisimulia kuchekesha watu. Leo haikumchekesha. Yeye aliyeungua ndiye aliyekuwa akiwasha moto kwa mwingine.

"Sista, umeniokoa," alisema. "Ningelala nikijisifu."

"Usinishukuru mie. Kaa utengeneze."

Akaivunja programu yake, akaanza upya na swali ambalo hapo kwanza hakuliuliza: nani hapaswi kuona nini? Dirishani pakabaki namba ya kadi na foleni, basi. Ugonjwa na tiba vikaenda chumba cha ndani, nyuma ya neno la siri la muuguzi. Sista Tunu akampelekea Zubeida habari kwamba sasa aje siku yoyote, kwa kadi moja na jina lake.

Jumatatu ya kwanza Bi Hija aliikazia macho mashine. "We Jabiri, mbona inanificha? Mie nina miaka mitano dirishani hapa."

"Inakutunza, mama. Ukiyabeba maradhi ya Mtoni yote, utazeeka kabla sijakuposa."

"Mshenzi we," Bi Hija akasema, akicheka.

Mwanamke mwembamba akafika, mkono mmoja kamshika mtoto. Alipomwona Bi Hija akasita, akageuka nusu. Jabiri akamjua kwa kule kusita tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Namba?"

Zubeida akaitaja. Bi Hija akaiandika, akatazama kioo cha kompyuta, akanyoosha kidole. "Chumba cha Sista. Mwache huyo mjukuu wangu hapa."

Zubeida alikaa ndani dakika kumi. Alipotoka hakukimbilia mlangoni. Bi Hija alikuwa akimmenyea mtoto karanga, akamwambia apumzike kidogo, jua kali. Zubeida akatazama barabarani, akatazama benchi. Jabiri, aliyekuwa amekaa pale benchini, akasogea, akampisha nafasi, naye akakaa.