Maharage Yaliyoiva Mapema

Kwa nini maharage yalikuwa yameiva kabla ya saa nne?

Anyesi alichota punje chache kwa mwiko, akabonyeza moja kwa kidole gumba. Ikapasuka bila ubishi. Akabonyeza ya pili, na ya tatu. Alikuwa amepika makande ya shule hii ya msingi, juu kidogo ya Usa River, kwa miaka kumi na tisa. Tangu shule ilipounganishwa na maji ya chemchemi, miaka miwili iliyopita, sufuria hili kubwa halikuwahi kuwa tayari kabla ya saa tano na nusu.

"Kandida! Umetia magadi?"

Kandida, msaidizi wake, alikuwa amechuchumaa nje akisugua masufuria. "Magadi, dada? Si tuliyamwaga shimoni, afisa afya amesimama pale akitazama kama tunazika mtu? Ningeyatoa wapi?"

"Kuni je?"

"Zile zile mbichi. Nalia tangu alfajiri, na wala sijafiwa." Kandida aliinua mkono uliojaa povu hadi kwenye kiwiko. "Ila leo sabuni imenipendelea. Nimetia kidogo tu, tazama!"

Anyesi alilitazama lile povu. Povu la namna hiyo alilifahamu. Lilikuwa povu la maji ya kisima kirefu, yale maji ya zamani, laini mkononi na matamu kinywani, yaliyoivisha maharage upesi bila magadi na kuwaacha watoto wa kijiji kizima na meno ya kahawia. Yeye mwenyewe aliyanywa tangu kuzaliwa. Hata sasa, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, hakucheka bila kuinua kiganja mbele ya mdomo. Kaka yake aliyanywa pia, na sasa hakuweza kuinama kuvaa viatu.

Kwenye mlango wa stoo zilibandikwa karatasi ambazo maafisa walileta kwa nyakati mbalimbali. Ya kwanza ilisema floraidi, madini yanayotia meno ukahawia na kukaza mifupa, inaruhusiwa hadi miligramu nne kwa lita ya maji. Ya pili ilisema mwisho ni moja na nusu. Ya tatu ilikataza magadi jikoni, kwa kuwa nayo yana floraidi, na kueleza kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Chini kabisa ilikuwa karatasi mpya yenye mhuri: maji ya shule hii yamepimwa, ni salama.

Anyesi hakuwahi kuzicheka karatasi hizo, kama wengine walivyofanya. Aliona ni haki namba kushuka, kwa kuwa waliojifunza zaidi hurekebisha walichosema. Namba zilishuka, meno yake yalibaki yalivyo.

Alijifuta mikono, akatembea hadi kwenye tenki lililokuwa nyuma ya madarasa. Yiamat, fundi wa maji wa kijiji, alikuwa akikaza nati kwenye bomba.

"Shikamoo, yeyo," alisema, kwa neno la kwao la mama.

"Marahaba. Yiamat, maji haya yanatoka wapi?"

Kijana hakuinua kichwa. "Bombani, yeyo."

"Nimekulisha makande hapa miaka saba. Usinijibu kama mgeni."

Yiamat aliiweka spana chini. "Chemchemi imepungua. Kiangazi hiki imekuwa kama mkojo wa mbuzi. Jana jioni kamati ya maji ikaniambia nifungulie kisima. Yeyo, mimi ni mtu wa koki tu. Ukinitaja, wananila kichwa."

"Na watoto?"

Yiamat aliokota spana yake. Katika darasa la awali, hatua thelathini kutoka hapo, Kaanaeli, mjukuu wa Anyesi, alikuwa akiimba namba pamoja na wenzake. Alikuwa na miaka mitano. Meno yake ya ukubwani yalikuwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, na muuguzi aliyewahi kuja shuleni alieleza kwamba umri huo ndio ambao maji yenye floraidi nyingi hufanya uharibifu.

Bwana Arnold, afisa afya, alifika saa nne kwa pikipiki, mapema kwa ajili ya mkutano wa wazazi uliopangwa saa nane. Anyesi alimkaribisha kiti, akamweleza habari za maharage na povu. Afisa alimsikiliza huku akipangusa vumbi kwenye kofia yake ngumu.

"Mama, umesoma hadi darasa la ngapi?"

"La saba."

"Mimi nina stashahada ya afya ya mazingira. Floraidi haina rangi, haina harufu. Hata mimi siwezi kuiona. Wewe umeionaje kwenye maharage?"

"Ulipima lini, mwanangu?"

"Machi."

"Wakati wa masika."

"Cheti ni cha mwaka mzima."

"Basi pima leo, tumalize."

Arnold alivuta pumzi. "Vitendanishi vya kupimia vimeisha tangu Juni. Nimeandika barua mara mbili. Ndiyo maana nakuomba, usiwatie watu hofu. Wakianza kukitilia shaka cheti hiki, kesho watakataa na chanjo. Tutakuwa tumefanya nini?"

Hilo halikuwa neno la kipuuzi, na Anyesi alilipokea. Alirudi jikoni akilitafakari. Hakutaka kuwa mmoja wa wale wanaokanusha kila kitu kwa sababu afisa mmoja amewajibu vibaya. Alitaka jambo moja tu lijulikane, lile aliloweza kulithibitisha, bila kuongeza hata chembe.

"Kandida, chukua dumu, panda hadi chemchemi."

"Na hiki kipigo cha jua?"

"Nitakuoshea masufuria yako yote."

"Wiki nzima?"

"Leo na kesho. Usinifilisi."

Kandida hakufika mbali. Yiamat alikutana naye njiani, akiwa tayari amefunga dumu lake lililojaa nyuma ya pikipiki yake. Alilishusha mlangoni pa jiko. "Hili limedondoka lenyewe kutoka chemchemi," alisema, akaondoka.

Anyesi alitwaa sufuria mbili ndogo zinazolingana. Katika kila moja alitia vikombe viwili vya maharage makavu kutoka gunia moja, na vikombe kumi vya maji. Moja ilipata maji ya bomba, nyingine maji ya dumu. Kila aliposukuma ukuni kwenye jiko la kwanza, alisukuma mwingine kwenye la pili. Kila alipoongeza kikombe cha maji huku, aliongeza na kule. Saa ya ukutani ilipoonyesha saa tano kamili, zote mbili zilikuwa zinachemka.

Saa nane wazazi walijaa chini ya veranda ya darasa la sita. Mwalimu mkuu, Fransiska, alifungua mkutano. Bwana Arnold alisimama na cheti chake, akakisoma kwa sauti nzuri, iliyopangika. Aliposema "salama" kwa mara ya pili, Anyesi alipita katikati ya watu akiwa na sahani mbili za maharage, akaziweka mezani.

"Mwalimu, naomba nafasi." Hakusubiri kukubaliwa. "Bwana Arnold, tafadhali bonyeza."

Watu walicheka. Mzee mmoja alipaza sauti, "Bonyeza, daktari, hayaumi!"

Arnold alibonyeza punje ya sahani ya kushoto, ikageuka uji. Alibonyeza ya kulia. Ikateleza ikaruka mezani, bado ina kiini. Kicheko kilikufa.

"Gunia moja, moto sawa, muda wa saa tatu," Anyesi alisema. "Kushoto ni maji ya bomba hili. Kulia ni ya chemchemi."

"Mama," Arnold alisema kwa upole, "maharage hayapimi floraidi."

"Najua. Yanapima kama maji ya leo ni yale uliyoyapima Machi. Siyo. Cheti chako ni cha kweli, ila ni cha maji mengine."

Arnold alibonyeza tena punje moja ya kila sahani. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Nitaandika tena wilayani," afisa alisema hatimaye. "Majibu yatachukua majuma kadhaa. Hadi hapo mwongozo ni cheti hiki, na shule iendelee na maji haya."

"Mama Anyesi," Fransiska alisema kwa sauti ya chini, "ajira yako iko mikononi mwa mkutano huu. Fikiri kwanza."

Anyesi aligeuka akawatazama wazazi. Aliongea akiwa wima, na safari hii hakuinua kiganja mbele ya mdomo. Meno yake ya kahawia yalionekana kwa kila mtu.

"Nimeshafikiri. Chemchemi haijakauka, imepungua. Kesho saa kumi na mbili alfajiri nitakuwa kule na madumu mawili, na kila mzazi mwenye mgongo mzima anaweza kuja na lake. Maji tutakayoyapata, hayo nitapikia. Maji ya bomba hili sitayatia tena kwenye sufuria ya mtoto hadi yapimwe."