Kioo cha Saba

Ufa ulikuwa upande wa mashariki wa ukuta wa bwawa, mwembamba kama uzi wa kushonea. Juu yake mkaguzi alikuwa amebandika kipande cha kioo, kikashikwa na saruji huku na huku. Kazi ya kioo ilikuwa moja tu: ukuta ukisogea, kivunjike. Ndani ya mwaka mmoja kilikuwa kimevunjika mara sita. Kila mara alibandika kipya asubuhi ile ile, kisha akajaza fomu: kioo kizima. Hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyorithishwa kazi na mwenzake aliyestaafu. Fomu iliuliza hali ya kioo. Haikuuliza ni kioo cha ngapi.

Jumapili yeye na mumewe walikwenda kula kwa shemeji yake, mwalimu wa historia, aliyejenga bondeni, kilomita mbili chini ya bwawa.

"Sisi ni Roma, shemeji," mwalimu alisema. "Anasa, uvivu, kila mtu na simu yake. Mwisho wetu ni ule ule."

"Huyu akifungua mdomo tu, dola inaanguka," mumewe akasema. "Tuache tule, bwana mdogo."

Mkaguzi hakupenda mifano. "Anasa nitaipimaje? Nitajie kitu kimoja kilichoharibika, na kiliharibikaje."

Mwalimu akafikiri. "Mifereji ya maji. Chokaa iliganda ndani, ikabidi ikwanguliwe mara kwa mara. Karne za mwisho wakalegea, maji yakapungua kidogo kidogo. Na kaizari wa mwisho wa magharibi alipoondolewa, baraza liliendelea kukutana zaidi ya miaka mia, kana kwamba hakijatokea kitu."

"Wakaguzi wa mifereji waliandika nini?"

"Nani ajuaye? Labda waliandika shwari." Akacheka, akajiongezea mchuzi.

Mkaguzi akainuka, akaenda dirishani, akarudi kukaa, akainuka tena. Kutoka pale ukuta wa bwawa ulionekana wote.

"Umekalia siafu?" mumewe akamuuliza.

Jumatatu alikuta kioo cha saba kimevunjika. Kipya alikuwa nacho mkobani. Akakitoa, akakishika kwa muda, akakirudisha. Akaenda ghalani kutafuta hati alizosaini kila alipochukua kioo, akahesabu wiki kati ya mvunjiko mmoja na mwingine: kumi na sita, kumi na mbili, nane, tano, tatu, mbili. Akaziandika kwenye fomu, chini ya neno "kimevunjika", akampelekea mkuu wa kituo.

Mkuu akasoma mara mbili. "Mama, miaka ishirini fomu hii haijaandikwa hivi."

"Najua. Nami ni mmoja wa walioiandika."

"Vinavunjika kwa kuwa ni vyembamba." Akainua simu ya mezani, akapiga ghalani. "Agizeni kioo kinene. Milimita kumi."

Mkaguzi akatoka bila kuaga. Kwenye ngazi akampigia shemeji yake.

"Fungasheni, shemeji. Leo, si kesho. Ukuta unasogea, na kila safari unasogea upesi zaidi."

"Kwani mkuu wenu ameagiza tuhame?"

"Mkuu ameagiza kioo."

Akamsikia mwalimu akiwaita watu wa nyumbani waanze kufungasha.

"Waambie na majirani," mkaguzi akasema. "Wakiuliza nani kasema, wape jina langu."

Akakata, akaanza kutafuta namba ya zimamoto.