Nani Atanywa Kopo la Rauli?

Mpiga ngoma hamjui mwimbaji wake kwa sura, anamjua kwa mgongo. Mgongo wa Rauli Kettunen nimeutazama tangu tulipokuwa vijana wa mji mdogo wa Iisalmi tunapiga roki kwenye gereji ya baba yangu, mpaka tukaja kujaza viwanja Helsinki. Naweza kuusoma kama gazeti. Mabega yakipanda hadi masikioni, ana hofu. Yakishuka, ameshakunywa.

Maana yule simba wa jukwaani, nywele hadi kiunoni, suruali ya ngozi, ni mtu wa haya kupindukia. Shoo yetu ya kwanza aliimba ameangalia ukuta. Ya pili mtu akampa bia, akageuka. Basi, ikawa ndiyo dawa. Kopo moja la kumgeuza, baadaye matatu, baadaye vodka ndani ya buti.

Tukatunga wimbo wa "Kiu", ndio uliotupa jina. Katikati vyombo vyote vinanyamaza, nabaki mimi tu nagonganisha kwa mguu zile sahani mbili za shaba za ngoma zangu, chi, chi, chi, na Rauli ananyoosha mkono. Hantta, dereva wa lori tuliyesoma naye, anampa kopo kutoka mstari wa mbele. Rauli analigida mpaka tone la mwisho, watu wanapiga mayowe, analiponda, tunarudi kwa kishindo. Nchi nzima iliupenda wimbo ule kwa sababu ya kile kimya. Mtu anazama, sisi tunashangilia.

Asiyeshangilia alikuwa mama yake, Aune. Rauli akija nyumbani na kulala fofofo, mama anakusanya makopo yaliyobaki, anaenda kumwagia viazi alivyopanda nyuma ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke. "Viazi vya Aune ukila viwili usiendeshe gari," tulikuwa tunatania. Yeye hacheki, anamwaga tu.

Halafu vuli moja Rauli akaanguka jukwaani na hakuinuka. Ini. Daktari alimwambia achague, kopo au uhai. Aune akampeleka soba hausi moja kando ya ziwa, na kila Jumapili akampelekea kalakukko, ule mkate mweusi uliookwa na samaki tumboni. Rauli akatoroka, akalewa, akarudi amejikunja kama mbwa aliyenyeshewa. Aune hakumsema. Alimkatia mkate. Safari hiyo akakaa. Akapasua kuni, akatoka jasho sauna, macho yakarudi mahali pake.

Tukaanza upya kwenye kumbi ndogo, na "Kiu" hatukuigusa. Mpaka Iisalmi wakatualika kwenye tamasha la kiangazi, mchana kweupe, uwanjani kwetu. Tukiwa kwenye hema nyuma ya jukwaa, Rauli akaniambia:

"Pena, leo tupige Kiu."

"Umepagawa?"

"Hapa ni nyumbani. Nikiukwepa hapa nitaukwepa maisha yangu yote."

"Basi nakata kile kimya. Naunganisha hapo hapo, tunapita."

"Ukikikata umebaki na nini? Kalakukko bila samaki."

"Na Hantta je? Si unamjua? Atakuja na kopo lake."

Akatazama buti zake. "Nitalitaka, Pena. Sikudanganyi. Nikinywa hilo moja, sirudi tena."

Tukapanda. Mstari wa mbele yuko Hantta, na pembeni yake Aune kwenye kiti cha kukunja, amevaa vile viziba masikio vya mafundi juu ya kitambaa cha kichwa. Tulipoanza "Kiu" uwanja ulitaka kupasuka. Kikafika kile kimya.

Chi, chi, chi.

Mkono wa Rauli ulinyooka wenyewe. Hantta akamkabidhi kopo kwa heshima zote, kama mzee wa kanisa na sahani ya sadaka. Hakuwa na ubaya, maskini. Ndivyo alivyojua kumpenda. Rauli akalifungua mbele ya maiki, pssss, uwanja mzima ukasikia. Mabega ya Rauli yakapanda hadi masikioni. Nikajiambia, Pena, piga sasa, haribu wimbo umwokoe mtu. Vijiti nimeshaviinua. Lakini kopo lilikuwa bado kifuani kwake.

"Hantta," akasema kwenye maiki. "Kunywa wewe. Mimi nimeshakunywa zamu yangu, na yako, na ya mji mzima."

Watu wakacheka.

"Siwezi, bwana!" Hantta akapiga kelele. "Naendesha! Nimemleta mama yako!"

Wakacheka zaidi. Rauli kabaki amelishika kama kichanga cha watu ambacho mama yake haonekani. Angeweza kulitupa, utasema. Mkono wa mlevi haujui kutupa, unajua kushika tu.

Chi, chi, chi. Paja langu linawaka moto.

Aune akasimama, akavua viziba masikio. "Lete hapa."

"Mama..."

"Lete, mtoto wewe! Humwonei huruma Pena? Mguu unakufa ule."

Rauli akainama, akampa. Bibi yule mdogo kama shomoro akaliinua kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua. Akamaliza, akajaribu kuliponda, likamshinda, akamrudishia Hantta. Rauli akamshushia maiki.

"Ndiyo hii?" akauliza. "Ndiyo uliyokuwa unaifuata miaka yote? Mwanangu, hata viazi vilikuwa vinanuna."

Sijawahi kusikia kelele kama zile, Helsinki wala kwingine.

Ndipo Rauli akageuka. Akawapa watu mgongo, akanitazama mimi. Uso umelowa, anacheka, na mabega yako chini. Chini kabisa, wala hajanywa kitu.

"Piga, Pena," akasema.

Nikapiga. Wenzangu wa bendi mpaka leo wanadai nilichelewa kuingia. Ni kweli. Jasho liliniingia machoni.