Nyumba ya Mbuvi Kando ya Reli

Kitendawili: nina bandari isiyo na maji, na vyombo vyake hufika kwa miguu ya chuma. Mkishindwa nipeni mji.

Haya, msihangaike, ni stesheni ya Makindu. Mwaka ule wa sabini na nne hatukuwa na bahari, lakini bandari tulikuwa nayo. Treni ikitia nanga, abiria walishuka kunyoosha miguu, wengine wakaenda gurdwara, hekalu la Makalasinga, kula dengu na chapati, na sisi tukawauzia vitu. Mimi, Syombua, nilisuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge. Kaka yangu Mbuvi alichonga. Ukiamka asubuhi na kutega sikio, ungesema mji mzima unachonga: ko, ko, ko, tezo juu ya gogo, kutoka kwa fundi wa twiga hadi kwa yule wa vijiko na vitana.

Sasa niwaambie juu ya nyumba yake, maana sijaona nyingine kama hiyo, na nimezeeka nikiangalia nyumba za watu.

Ilijengwa na watu wa reli zamani sana, kwa mawe, ili bwana mkubwa wa njia apate pa kulala. Baadaye ikaachwa, bundi wakahamia. Reli ilipoiuza, watu walimcheka Mbuvi kwa kuinunua. Kuta alizisugua kwa brashi na maji mpaka masizi yakatoka, na chini yake kukawa na mawe yenye rangi ya pera lililoiva, upande wa ndani. Nani alijua? Mabati aliyashusha moja moja, akayanyoosha, akayapaka rangi nyekundu, akayarudisha juu. Juu ya madirisha aliweka mataruma, yale magogo ya zamani ya kulalia reli, meusi kama sufuria ya githeri. Mlango aliuchonga kwa mukau, mti wetu ambao mchwa humla mwenzake kabla ya kuugusa, kisha akaung'arisha kwa rangi ya viatu, jinsi wachongaji wang'arishavyo vinyago. Ukisimama mbele yake unajiona meno.

Na baraza, jamani! Kila nguzo alikuwa ameichonga. Moja twiga, shingo imepanda mpaka kichwa kinalamba mabati. Nyingine mwanamke amebeba kyondo kwa mkanda wa paji la uso. Yule mwanamke alikuwa na uso wangu, pua na kila kitu, ingawa Mbuvi alikataa kukubali.

"Ni mwanamke tu," alisema.

"Mwanamke gani mwingine ana paji kama hili?"

"Wengi. Umeona Makindu nzima wewe?"

Basi. Kifua ndicho kilichomtoa pale. Miaka ya vumbi la mbao ilikuwa imemkaa mapafuni, na daktari alimwambia ama aache kuchonga ama aache kupumua. Yeye na mke wake, wifi yangu Nthenya, wakaamua kurudi shambani Kalamba kabla mvua haijaanza. Nyumba wakatangaza wanauza. Kaka yangu alitaka jambo moja tu: atakayeinunua aishi ndani, asiibomoe. Usiku hakulala vizuri kwa sababu hiyo. Nthenya alinieleza, "Wifi, huyu anaogopa nyundo kuliko kifo."

Wa kwanza kuja alikuwa Mishi. Watu wake asili ni wa pwani, lakini yeye amezaliwa Kitui mjini, na mumewe Amin aliendesha lori barabara ya Mombasa. Alikuwa amechoka kumsubiri mume Kitui wakati lori linapumzika Makindu. Alipofika mlangoni akavua viatu, hakuna aliyemwambia.

"Mama, ingia tu na viatu," Nthenya akasema.

"Sakafu hii? Nikanyage na viatu? Sina ujeuri huo, dada."

Akapita chumba hadi chumba akishika vitu. Taruma la dirishani alilinusa. Alipomfikia yule mwanamke wa kyondo akamwangalia, akaniangalia mimi, akacheka akiziba mdomo kwa buibui. Nilimpenda papo hapo. Lakini alisema lazima aongee na Amin kwanza, naye Amin yuko njiani. "Akirudi tu, nitakuja. Nisubirini."

Kabla Amin hajarudi, akaja Muli.

Muli mlimjua? Hapana, hamkuwa mmezaliwa. Mtu mnene, mcheshi, mwenye baa ng'ambo ya barabara. Alitaka kiwanja kile ajenge lojing'i ya ghorofa. Alikuja alasiri, akaketi barazani kama mwenye nyumba.

"Mzee Mbuvi! Bado unalala na wanyama hapa nje?"

"Afadhali hawa, Muli. Hawalewi."

"Ha! Haya. Niambie bei. Mawe haya nitayatia kwenye msingi. Huyu twiga nitamweka kaunta, ashike chupa."

Nilimwona kaka yangu akibadilika rangi. Lakini mgeni ni mgeni. Nthenya akaleta chai, na Mbuvi, ili mtu yule achoke aende zake, akataja bei kubwa ya kijinga. Bei ya kununua Makindu na nusu ya Kibwezi.

Muli hakuchoka. Akapuliza chai. Akasema bei yake. Mbuvi akatikisa kichwa. Muli akajimiminia chai nyingine. Wakaendelea hivyo, huyu anapanda kidogo, huyu hashuki kabisa, na kule stesheni treni ya kwenda Mombasa ilikuwa imeingia.

Hapa lazima niwaeleze kazi ya wachongaji wa stesheni, la sivyo hamtaelewa. Kuuza kwenye treni si kama kuuza sokoni. Unasimama chini ya dirisha na twiga wako, abiria yuko juu, mnavutana. Wewe unakaza, naye anakaza. Lakini honi ikilia, hakuna kukaza tena, maana treni ikiondoka unabaki na twiga wako na njaa yako. Kwa hivyo honi ikilia tu, mchongaji hutupa bei chini na kusema, "Haya, chukua!" Mbuvi alikuwa amefanya hivyo tangu kijana. Mkono wake ulikuwa umezoea kuliko kichwa chake. Na neno lile likishatoka halirudi: aliyesema "chukua" kisha akamgeuka mnunuzi, wenzake hawakumruhusu tena kusimama stesheni.

Honi ikalia.

"Haya, chukua!" kaka yangu akasema.

Hata yeye mwenyewe alishangaa, akashika mdomo kama mtu aliyeng'atwa na siafu ulimini. Alikuwa amekubali bei ya Muli, ile ya mwisho, ya chini.

"Asi!" Nthenya akasema.

Muli akasimama anacheka, tumbo linaruka. "Umesema! Syombua, umesikia? Mchongaji wa stesheni amesema chukua!"

Nilisikia. Mbuvi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, anaitazama sakafu yake. Sijui kama Muli alipanga wakati ule makusudi. Alikuwa amekaa karibu na stesheni miaka mingi, mjinga hakuwa.

Nthenya akaweka birika chini, polepole.

"Ni kweli amesema," akasema. "Sheria ya stesheni ni sheria. Lakini, bwana Muli, uitaje yote. Kitu hakijauzwa mpaka kipite dirishani, kiingie mkononi mwa mnunuzi, kabla behewa la mwisho halijavuka mlingoti wa taa. Likivuka, kila mtu yuko huru. Au nasema uongo?"

Muli akaacha kucheka. "Mama, nyumba itapitaje dirishani?"

"Nyumba haipiti. Ufunguo unapita."

"Basi ulete!"

"Ninao hapa." Akashika pembe ya leso kiunoni, pale wanawake tunapofunga vitu vyetu. "Ngoja nikufungulie."

Jamani, fundo lile! Wifi yangu aliinama juu yake kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Akalivuta huku, akalivuta kule, likakaza zaidi. Treni ikaanza kujivuta. Mabehewa yakapita mbele yetu, moja, lingine, watu madirishani wakipunga mikono.

"Mama, fanya haraka!"

"Nafanya, baba. Vidole vyangu vya mzee."

"Mzee gani? Jana nimekuona unapasua kuni! Leta nifungue mimi!"

Nthenya akainua macho. "Utashika leso ya mke wa mtu, bwana Muli? Kiunoni? Mbele yake?"

Muli akarudisha mkono kama aliyegusa jiko. Akamwangalia Mbuvi. Mbuvi alikuwa amenyanyua kichwa, na uso wake ulikuwa unaanza kupona. Muli akakimbilia ukingo wa baraza, akawa anaruka kuona mlingoti, kana kwamba angelizuia treni kwa tumbo. Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo yangu, nisianguke kwa kicheko.

Behewa la mwisho likavuka, gadi amesimama nyuma na bendera yake ya kijani.

"Loo, limefunguka," Nthenya akasema, ufunguo kiganjani.

Muli akavuta pumzi ndefu. Kisha, na hili nitamsifu nalo mpaka kesho, akacheka. "Mbuvi," akasema, "ungemweka mke wako stesheni tangu zamani, ungekuwa tajiri." Akamaliza chai yake akaenda. Baadaye alijenga lojing'i yake upande wa pili wa barabara, mahali pasipo na nyumba ya mtu.

Mishi alirudi Ijumaa na Amin, mtu mrefu mkimya, ambaye pia alivua viatu. Safari hii Nthenya ndiye aliyeongea bei. Ilikuwa ya haki, hawakuvutana. Lakini Mbuvi bado alikuwa amekaa kando, anakuna goti, hajasema ndiyo.

Mishi akamgeukia. "Mzee, nina neno moja nataka kukuomba."

"Sema, mwanangu."

"Mimi napika sana, kuni na mkaa. Ile dari ya mbao nimeiona, moshi utaiharibu. Utakasirika nikijenga jiko nje, huko nyuma karibu na tangi?"

Kaka yangu akaacha kukuna goti. Akasimama, akakohoa kidogo, akaenda mpaka pembe ya nyuma ya nyumba huku Mishi akimfuata miguu mitupu.

"Si karibu na tangi," nikamsikia akisema. "Upepo wa hapa unatoka huku. Jenga pale. Kesho nitakupimia."

Nthenya akaniangalia, akafungua leso yake kwa kidole kimoja, akampa Amin ufunguo.