Mwanamume Aliyelima kwa Kunong'ona

Pale kijijini Didia walisema Cornel akikohoa, kuku wa jirani wanaacha kutaga. Alikuwa mtu mwema mwenye koo la spika ya mnadani, na ng'ombe wake wa plau, Tajiri na Msumbufu, hawakwenda ila kwa kelele zake. Kwa hiyo Vaileth alipoletwa kwa mama yake mdogo Lusia, mkewe Cornel, hakuna aliyefikiria habari ya sauti.

Mtoto alitoka machimboni, huko Geita. Baba yake, Boaz, alifanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na akishalewa ilianza sauti, kisha mkono. Vaileth alizoea kulala na ndala miguuni, maana mama yake akisema "kimbia" hapakuwa na muda wa kuzitafuta. Hata alipofika Didia hakuzivua kitandani. Lusia alidhani ni ukaidi, akamgombeza kwa kuchafua mashuka.

Mvua zilipokolea, Cornel alimpa Vaileth kamba awaongoze ng'ombe mbele, kazi ya watoto wa huko, naye akashika plau nyuma. Msumbufu akapinda.

"Wewe! Rudi kwenye mstari! Nitakupasua!" Cornel alifoka kama alivyofoka miaka yote, na kiboko kikalia hewani.

Vaileth aliachia kamba, akatimua mbio. Ng'ombe nao wakakata kona, wakaburuta plau katikati ya mahindi machanga ya jirani, Mama Rhoda. Mtoto walimkuta ndani ya kihenge kitupu cha mpunga, amejikunyata, amejikojolea.

Mama Rhoda alikuja amefura. "Shemeji, huyo mtoto kaharibika. Mrudisheni kwa baba yake kabla hajawatia hasara nyingine."

Vaileth alisikia kila neno.

"Mahindi nitakupandia upya," Cornel alisema, kwa sauti ya chini hata Mama Rhoda akamwomba arudie. "Mtoto harudi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi wenyewe ni koo langu."

Kesho yake alilima kwa kunong'ona. Basi kijiji kikapata burudani! Tajiri na Msumbufu walisimama wakimshangaa. "Tafadhali, Msumbufu," alibembeleza, na wapita njia wakashika mbavu. Walimwita Bwana Harusi, kwa vile alivyobembeleza ng'ombe kama bibi harusi. Kazi ilidorora, wala hakujali. Jioni akirudi alipiga mluzi tangu barabarani, ili mtoto ajue ni nani anakuja na ana moyo gani. Lusia naye aliacha kugombeza. Aliziosha zile ndala kila jioni, akamrudishia azivae alale.

Asubuhi moja Vaileth alikwenda kuichukua kamba mwenyewe, ndala akiwa ameziacha chini ya kitanda. Kwenye kona Msumbufu akagoma. Cornel alinong'ona, akabembeleza, wapi! Jasho likamtiririka. Vaileth alimtazama mwanamume huyu aliyekubali kuwa kichekesho cha kijiji kwa ajili yake, na shukrani ikamjaa kifuani hadi ikamtoka kwa kishindo.

"Wewe Msumbufu! Twende! Baba amechoka!"

Ng'ombe wakajitupa mbele. Shambani kwake, Mama Rhoda aliinua kichwa. Cornel alishika plau kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akajifuta macho.

"Wabeja, mwanangu," alisema. "Wabeja sana."

Vaileth alishangaa, maana asante hiyo alikuwa ameiandaa yeye.